Motokari ya Kujiunganishia: Furaha Yake na Mitego Yake

Wewe kijana na wewe baba pia, unakumbuka ile motokari ya waya? Ulikunja nyaya zenye uliokota, ukakata mukebe wa maziwa kwa kupata magurudumu, ukaweka fimbo ndefu ya usukani, kisha ukakimbia nayo ku barabara ya kamp ukinguruma kwa kinywa. Haikukuwa motokari ya kweli. Lakini ilikuwa yako. Uliitengeneza wewe mwenyewe, na watoto wengine walikuja kuiangalia.

Basi, ku Uingereza na ku Marekani kuko watu wazima, wengi kabisa, wenye hawajaacha ule muchezo. Tofauti ni moja tu: motokari yao iko na motere ya kweli, na inaweza kupita kilometa 200 kwa saa. Wanachagua motokari moja ya mashindano ya zamani, yenye bei yake haifikiwi na mutu wa mushahara, na wanajijengea ingine yenye kufanana nayo, bulo kwa bulo, ndani ya garaji nyuma ya nyumba.

Mwezi huu tunataka kuongea nawe juu ya kazi ile. Kwa nini inavuta moyo namna hii? Na kwa nini inaangusha wengi katikati ya njia? Utaona kwamba habari hii ya mbali inagonga pia ku mulango wako.

MUFUGAJI WA KUKU NA NYOKA YAKE

Motokari yenye kuigwa kupita zingine inaitwa Cobra. Ni jina la nyoka kali. Baba yake ni Carroll Shelby, mutu wa Texas, ku Marekani. Huyu bwana alijaribu kwanza kufuga kuku. Ugonjwa ukawaua, akabaki bila kitu. Kisha akawa dereva wa mashindano, na katika mwaka wa 1959 yeye na mwenzake Mwingereza Roy Salvadori walishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, ku Ufaransa, ndani ya Aston Martin. Lakini moyo wake ulikuwa mugonjwa. Mwaka wenye kufwata, 1960, akaacha mashindano.

Mutu mwenye mwili wake unamukatalia kazi aliyoipenda, angeweza kukaa chini na kulia. Shelby alitafuta njia ingine. Ku Thames Ditton, karibu na London, kompanyi AC Cars ilikuwa inatengeneza motokari moja nyepesi na muzuri, yenye karoseri ya aluminiumu. Shida yao: kompanyi yenye ilikuwa inawaletea motere iliacha kuitengeneza. Na ku Marekani Ford walikuwa na motere mupya ya V8, yenye nguvu lakini isiyokuwa nzito sana. Mu 1961 Shelby akaandikia wale wa Uingereza, akaongea na wale wa Ford, akawakutanisha. Mwanzo wa 1962 motokari ya kwanza ikafika ku Los Angeles bila motere. Yeye na wenzake wakatia ile ya Ford ndani. Cobra ikazaliwa. Shelby alisema hata jina lake lilimujia ku ndoto.

Inasimuliwa jambo moja la kuchekesha. Siku zile Cobra ilikuwa moja tu. Lakini kila mara mwandishi wa gazeti alipokuja kuijaribu, waliipaka rangi ingine, ili watu wafikiri ziko nyingi. Umeona? Hata ile ya asili ilianza na kujionyesha kidogo. Tutarudi ku jambo hilo.

Mu 1965 timu ya Shelby ilishinda Ferrari katika mashindano ya dunia ya motokari za namna yao. Kisha, mu 1967, kazi ikasimama. Cobra zenye zilitengenezwa miaka ile zinafika karibu 1000 tu. Ile ya kwanza, yenye kupakwa rangi mara kwa mara, iliuzishwa ku munada wa California mwezi wa munane 2016 kwa dolari 13.750.000.

KWA NINI WATU WANAIIGA?

Hesabu wewe mwenyewe: motokari 1000 kwa dunia nzima, na wenye kuzitamani hawahesabiki. Mwalimu wa shule, fundi wa umeme, mutu wa posta, wote hawawezi kununua ile ya asili. Lakini Cobra haiko mashini ya siri. Shasi yake ya kwanza ilikuwa mabomba mawili makubwa ya chuma, yenye kuunganishwa na mengine ya kukatisha. Haina kipaa cha chuma, na milango yake ni midogo. Fundi wa kuunganisha vyuma akiiangalia anasema: «Hii naweza.»

Njo maana kompanyi ndogo-ndogo zilianza kuuzisha vipande vyake. Unaletewa shasi ya chuma na karoseri. Karoseri hiyo haiko tena ya aluminiumu. Mara nyingi ni ya nyuzi za kioo zenye kushikwa na resini, yenye kutoka mu kalibu sawa tofali. Vitu vingine unavitoa ndani ya motokari ingine ya kawaida yenye kuzeeka: motere, bwati ya vitesi, ekseli, usukani. Ku Uingereza wengi walichukua ekseli ya Jaguar na motere ya Rover. Ku Marekani kompanyi Factory Five, yenye ilianza mu 1995, iliwafundisha watu kuvunja Ford Mustang moja na kuivalisha ngozi ya Cobra. Leo Cobra za kuiga ni nyingi kabisa kupita zile za asili.

Zamani kulikuwa pia sababu ya kodi. Mu 1957 kompanyi Lotus ya Uingereza ilitoa motokari ndogo yenye jina Seven. Mwenye kuinunua mu vipande hakulipa ile kodi kubwa ya motokari mupya. Lakini sheria ilikataza kumupa karatasi ya kufundisha gisi ya kuiunganisha. Inasimuliwa kwamba Lotus walimupa karatasi ya kufundisha gisi ya kuivunja, naye akaisoma kuanzia mwisho! Ile Seven ingali inatengenezwa, kwa jina la Caterham, tangu 1973.

FURAHA YA KWELI

Tusizarau furaha ya watu hawa. Mutu aliyekaa muchana mzima mbele ya karatasi za biro anarudi nyumbani, anavaa kombinezo, anashika kle. Hapa bulo ikikazwa, imekazwa. Hakuna mukubwa wa kazi wa kubishana naye. Anajifunza umeme, chuma, rangi. Mutoto wake anamushikia taa na kuuliza: «Papa, hii ni ya nini?» Na baba analazimishwa kujua, kwa sababu asipojua hawezi kujibu.

Mwalimu Mwingereza Ron Champion, mwenye kufundisha vijana kazi ya mikono ku shule, alitoa mu 1996 kitabu cha kuonyesha gisi mutu anaweza kujenga motokari ndogo ya mufano wa Seven kwa paundi 250 tu, kwa kutumia Ford Escort ya zamani. Vijana wa shule walizijenga. Fikiri kijana mwenye kuona bomba la chuma alilolikata yeye mwenyewe likisimama ku barabara, linabeba mutu, linakata kona! Hata usipokuwa na akili ya mitambo, unaelewa furaha yake. Mungu alimupa mutu mikono ili itengeneze, na mikono inafurahi ikifanya kazi yake.

Sasa tuseme pia ukweli wa upande mwingine.

MUTEGO WA KWANZA: FEZA NDOGO-NDOGO

Mutu anasoma tangazo: «Vipande vya Cobra, bei ndogo.» Anapiga hesabu, anafurahi. Lakini bei ile ni ya shasi na karoseri tu. Kisha kunakuja mipira mine mipya na mirefu kwa upana, nyaya za umeme, radiatere, pompi ya mafuta, vioo, viti, mikanda, saa za kupima mwendo na joto, rangi, na kazi ya mupaka-rangi. Kunakuja vyombo vyenye hakuwa navyo. Kunakuja asuransi. Kunakuja bulo yenye kuvunjika na mezani hakuna ingine. Kila kitu kiko kidogo; pamoja vinapita bei ya kwanza mara mbili ao zaidi. Hata ile hesabu ya paundi 250, aliifikia tu mutu mwenye alikuwa na vyombo tayari, mwenye kuokota vyuma na kujiunganishia yote.

Wewe unajua jambo hili. Ni mara ngapi umepita ku nyumba ya matofali yenye kusimama bila mabati, majani yameota ku sebule? Mwenyewe hakukuwa muvivu. Alihesabu matofali, hakuhesabu mabati, misumari na mulango.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, tangu mustari wa 28, Yesu anaongea juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara. Anamushauri kwanza akae chini na kupima kama feza yake itafika mpaka mwisho, kwa kuwa akiachia ku musingi watu watamucheka. Neno lile halikatazi kujenga. Linatukumbusha kukaa chini kwanza.

MUTEGO WA PILI: MASAA YA JAMAA

Feza inaweza kurudi. Masaa hayarudi. Mwenye kujenga kwa jioni na kwa siku ya posho tu anaweza kumaliza mwaka, miwili, mitano. Wenye kujua kazi hii wanasema: motokari inafika upesi pahali yenye kuonekana kama imeisha, kisha ile sehemu ndogo yenye kubaki inakula wakati sawa na yote ya nyuma. Mulango haufungi. Taa inakataa. Maji yanavuja. Mutu anachoka, anafunika mashini na hema, anasema: «Mwezi ujao.»

Ndani ya magazeti ya watu hawa ku Uingereza, tangu zamani, unaona matangazo ya motokari zenye kuanzwa na kuachwa. Mara nyingi sababu zinaandikwa kwa maneno mafupi: tumepata mutoto, tunahama, hakuna tena nafasi. Mwenye kununua anapata muzigo wa mwenzake kwa bei ndogo, lakini hajui ni bulo gani yenye haikukazwa.

Na nyuma ya tangazo lile kuko nyumba. Kuko bibi aliyekula chakula cha jioni peke yake muda murefu. Kuko watoto wenye kumujua baba yao kwa miguu tu, yenye kutokea chini ya motokari. Baba anasema: «Ninaifanya kwa ajili yetu.» Aulize jamaa kama njo vile wanaona. Ikiwa feza za masomo ya watoto zimegeuka kuwa magurudumu, yale magurudumu hayatamufikisha mbali.

MUTEGO WA TATU: NGUVU KUPITA FRENI

Cobra yenye motere kubwa, ile ya litre 7, ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 400 kwa uzito wa tani moja hivi. Hata madereva wakubwa waliiogopa ku mvua. Sasa fikiri mufano wake, wenye kuunganishwa ku garaji na mutu mwenye hajawahi kuunganisha kitu. Haina kipaa, haina zile puto za kujifungua wakati wa ajali, na mara nyingi haina freni zenye kujizuia zisifunge magurudumu.

Kijana, shika kanuni hii moja: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu yenye freni inapaswa kuzimisha inaongezeka mara ine. Kwa hiyo mutu akitoa motere ndogo na kutia kubwa, lakini akaacha freni, ekseli na usukani vya kwanza, hakujenga motokari ya mashindano. Amejenga ajali yenye kungoja siku yake.

Hatari ingine iko ndani ya garaji. Resini inatoa hewa yenye kuumiza kichwa na mapafu. Nyuzi za kioo zikisuguliwa zinatoa vumbi nyembamba. Ninyi wenye kuishi karibu na mugodi hamuhitaji kufundishwa vumbi inafanya nini ndani ya kifua: fanya kazi ile pahali penye upepo, na funika pua na kinywa kwa kifuniko cha kweli. Motokari yenye kuinuliwa isimame juu ya vyuma vyenye nguvu, si juu ya kriki peke yake. Na hata ikiisha, Cobra ingali inauma: mabomba yake ya moshi yanapita nje, chini ya milango, na wengi wamechomwa muguu wakishuka. Wenyewe wanaita ile alama «kuumwa na nyoka».

Njo maana serkali zinasimama katikati. Ku Uingereza, tangu 1998, motokari ya namna hii inapitishwa mbele ya mupimaji, moja moja, mbele ya kuingia barabarani; tangu 2009 kipimo kile kimefanywa upya. Wanaangalia freni, taa, mikanda, kelele, moshi, hata ncha kali zenye kuweza kukata mutu wa miguu. Ikiwa umri wa motokari haujulikani, inapewa namba yenye kuanza na herufi Q, ili kila mutu ajue. Wengine wanalalamika. Lakini mupimaji anakatalia motokari leo ili asikuzike kesho.

MUTEGO WA INE: UONGO

Huu njo mutego mukubwa, na hauna harufu ya mafuta.

Kufwata umbo la kitu chenye unapenda, na kusema wazi «nimeiga», si zambi. Mwenye kujenga kwa haki, ukimuuliza «Njo yenyewe?», anacheka na kujibu: «Hapana, hii niliunganisha mimi.» Na jibu lile lina heshima kupita lingine, kwa sababu wenye kununua ni wengi, wenye kutengeneza ni wachache.

Lakini mwingine anapiga alama ya kompanyi kubwa ku motokari yake, anaandika ku shasi namba yenye haiko yake, anaiuzisha kama ya asili. Hapa muchezo umegeuka wizi. Tena kompanyi zingine zinakataa hata umbo lao liigwe kwa kuuzishwa. Mu sinema ya televizyo ya Marekani Miami Vice, yenye ilianza mu 1984, polisi mumoja aliendesha motokari nyeusi, watu wote wakafikiri ni Ferrari. Kumbe chini ilikuwa Chevrolet Corvette! Ferrari hawakufurahi. Mu 1986 walitoa motokari mbili zao za kweli kwa sinema ile, na ile ya uongo ikalipuliwa mbele ya macho ya watu. Mu 1991 tribinali ya rufani ya Marekani ilisimama upande wa Ferrari juu ya mutu mwenye kuuzisha karoseri za kuiga zao. Na mwezi wa saba 2019, ku Itajaí, Brazil, polisi walifunga garaji moja yenye kutengeneza Ferrari na Lamborghini za uongo.

Kuko uongo mwingine, wa ndani. Mutu anajenga motokari ile ili majirani waseme: «Huyu sasa ni tajiri.» Anatoka nayo, watu wanageuza macho, moyo unapanda. Kisha mutu mumoja mwenye kujua anakaribia, anaangalia, anauliza swali moja tu, na furaha yote inaanguka. Mutu huyu hakupenda motokari. Alipenda macho ya wengine, na macho ya wengine yanachoka upesi. Unakumbuka ile Cobra ya kwanza yenye kupakwa rangi kila mara? Rangi ingeweza kuita waandishi wa gazeti. Haikuweza kushinda mashindano ya 1965. Zile zilishindwa kwa motere nzuri, freni nzuri na kazi ya watu wengi.

NA SISI HUKU?

Pengine unasema: «Mimi hata kinga sina, unaniongelesha Cobra!» Haizuru. Mitego ile ine iko huku pia, kwa jina lingine. Kijana mwenye kutia motere ya nguvu ku pikipiki yenye freni za kufa. Baba mwenye kuanza nyumba kubwa ya kuonyesha watu, bibi na watoto wakilala njaa. Fundi mwenye kuuzisha kipande cha kuiga na kusema ni cha asili, kisha motokari ya muteja inapinduka ku njia.

Na furaha ile iko pia. Wewe mwanafunzi wa shule ya ufundi, usizarau chuma chako kidogo. Anza na kitu chenye unaweza kumaliza: rekebisha kinga ya mama, tengeneza kigari cha kubeba maji, vunja motere yenye kufa na uiunganishe tena mpaka ujue kila kipande. Andika ku daftari kila franga inayotoka. Tafuta muzee wa kazi, mwenye kukuambia «hapana» pale inafaa. Maliza kimoja mbele ya kuanza kingine. Na mutu akikuuliza nani alitengeneza, jibu ukweli, hata kama kasoro inaonekana.

Siku moja pengine utajenga kitu kikubwa. Utakuwa umejifunza tayari kukaa chini, kuhesabu, na kufika mwisho.

Maswali ya kuongea katika jamaa ao katika kikundi cha vijana:

1. Ku nyumba yetu kuko kazi gani yenye tulianza na kuiacha katikati? Ni nini tulisahau kuhesabu?

2. Kile ninachotamani kuwa nacho, ningekitaka hata kama hakuna mutu mwingine atakiona?

3. Kazi yangu ya kupumuzisha moyo inakula nini: masaa yangu, ao masaa ya wengine?

4. Wazazi: ni lini mara ya mwisho muliacha mutoto awashikie taa na kuuliza maswali yake yote?